Msaidizi wa Darasani: Kazi Iliyozaliwa na Sheria

Ndugu zangu wa Soweto, Mbeya, wakisikia kwamba huku Uingereza ninalipwa kukaa darasani na mtoto mwenye usonji, huuliza swali la haki kabisa: mwalimu si yupo, sasa wewe unafanya nini? Jibu lake lina historia, na historia hiyo inatuhusu. Kazi hii ipo Mbeya na Iringa pia, ila kwetu huifanya mtu asiyelipwa wala kuandikwa popote.

Ilikotoka

Tusidhani wenzetu wa Uingereza walizaliwa na huruma kutuzidi. Hadi mwaka 1971 mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili nchini England alihesabiwa kuwa hafundishiki, akakabidhiwa idara ya afya badala ya shule. Sheria iliyotungwa 1970 ndiyo iliyofuta utaratibu huo. Mwaka 1978 kamati ya Mary Warnock ikashauri kwamba tusianze na jina la ulemavu, tuanze kwa kuuliza mtoto anahitaji nini ili ajifunze. Sheria ya 1981 ikalipa wazo hilo meno: mahitaji ya mtoto yaandikwe kwenye waraka, na halmashauri iwajibike kuyatimiza. Tangu 2014 waraka huo unajumuisha elimu, afya na ustawi wa jamii.

Waraka ukisema mtoto asaidiwe saa kadhaa kwa wiki, lazima mtu atafutwe na alipwe. Mzazi akinyimwa, lipo baraza la rufaa la kumsikiliza. Hivyo ndivyo ajira hii ilivyokua, hata leo shule za England zina wasaidizi zaidi ya 250,000.

Kazi yenyewe

Asubuhi napanga kadi za picha kwenye ubao mdogo: koti, kitabu, chakula, mchezo, nyumbani. Mtoto akimaliza jambo moja, anabandua kadi yake na kuitia kwenye mfuko. Asipojua kinachofuata huingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo wengi wetu huiita utukutu. Mwalimu akisema wafungue kitabu, waandike tarehe, kisha wafanye swali la pili, mimi namgawia maagizo hayo moja moja.

Kazi hii ina mtego wake pia. Utafiti ulioongozwa na Peter Blatchford wa Chuo Kikuu cha London, uliotolewa 2009, ulionyesha kwamba wanafunzi waliosaidiwa sana walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango kilekile waliosaidiwa kidogo. Lawama haikuwa ya wasaidizi. Walimu waliwaachia mtoto, nao, bila maandalizi, wakawa wanamfanyia kazi ili tu imalizike. Ndiyo maana siku hizi tunafundishwa kusogea nyuma kidogo, kungoja, na kumwacha mtoto ajaribu hata akikosea. Mtoto mwenye msaidizi ndiye anayemhitaji mwalimu kuliko wote.

Na kwetu je?

Tanzania haikuanza jana. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Vikafuata vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida, na Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa fani hiyo. Nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kuanzia 2016 ada ya shule za serikali ikaondolewa hadi kidato cha nne. Na uwezo wa watu wenye ulemavu tunauona kwa macho: Iringa mjini, Neema Crafts, iliyoanza 2003, imewapa ufundi na ajira viziwi na watu wenye ulemavu mwingine.

Lakini ingia kwenye shule ya kawaida. Anayesukuma kiti mwendo kwenye tope la Machi ni mwanafunzi mwenzake. Anayemsomea mwenye uoni hafifu yaliyoandikwa ubaoni ni jirani yake wa dawati, naye ana daftari lake la kujaza. Anayekaa chini ya mti akingoja kumpeleka mwanawe chooni ni mama, ambaye siku hiyo hakwenda sokoni wala shambani. Mama akiugua, mtoto hasomi. Haki imeandikwa kwenye sheria, lakini katika shule nyingi za serikali hakuna ajira ya kuibeba.

Upendo tunao wa kutosha. Kinachokosekana ni cheo, mafunzo na fungu la bajeti. Halmashauri zianze hata na msaidizi mmoja kwa kila kitengo, apewe mafunzo mafupi na posho ya uhakika, na afanye kazi chini ya mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Akina mama wanaokaa chini ya miti wafikiriwe kwanza, maana wamekwisha kujifunza mengi bila chuo.

Nasi tulio ughaibuni, tunapochangia viti mwendo na vitabu vya nukta nundu, tuulize pia nani atakaa na mtoto Jumatatu asubuhi na nani atamlipa. Nawe uliyeko Mbeya au Iringa, mpelekee diwani wako swali hilohilo kabla bajeti haijapitishwa.