Kengele ya kikojozi

Mpwa wangu ana miaka minane. Kila Julai, wenzake wakihesabu siku za kwenda kulala kwa bibi Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, yeye huanza kuumwa tumbo. Tumbo halina kitu. Anaogopa kulala kitanda kimoja na binamu zake, kupambazuke shuka limerowa. Nyumbani, Mji Mkongwe, godoro lake huanikwa barazani, kila apitaye analiona. Ameshachapwa, ameshanyimwa maji tangu magharibi. Wapi!

Na haitasaidia, kwa sababu hafanyi kusudi. Kiasi cha watoto 15 kati ya 100 wenye miaka mitano bado wanakojoa kitandani. Wengine figo zao hutengeneza mkojo mwingi usiku, wengine kibofu kinabana mapema, na karibu wote ubongo uliolala hausikii kibofu kikiita. Mara nyingi ni urithi. Ukimuuliza baba yake kwa upole, huenda akacheka tu, akabadilisha mazungumzo.

Sasa kengele. Ni kitu kidogo cha betri, kwa hiyo umeme ukikatika haijali. Nyaya mbili zinakaa karibu kwenye chupi, hazigusani. Mkojo una chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Tone likiziunganisha, kengele inalia. Mwaka 1904 daktari wa Austria, Pfaundler, alitumia kifaa cha namna hii ili wauguzi wajue mtoto gani karowa. Akashangaa kuona watoto wanaanza kuacha! Mwaka 1938 Mmarekani Mowrer na mkewe wakaifanya tiba, wakieleza kwa nadharia ya Pavlov: kibofu kujaa na kuamka vinafungamana kichwani. Lakini maelezo hayo hayatoshi, maana watoto wengi wanaofaulu hawaamki tena. Wanalala fofofo hadi asubuhi, wakavu.

Kazi kubwa ni ya mzazi. Siku za mwanzo kengele itaamsha nyumba nzima isipokuwa mwenyewe. Inabidi umwamshe kwelikweli, aizime kwa mkono wake, aende chooni amalizie. Kila usiku, wiki nane hadi kumi na mbili au zaidi, mpaka apate siku 14 mfululizo kavu. Takriban theluthi mbili hufaulu. Wengine hurudia, wakaanza upya. Wakati wa kaskazi angalieni jasho, nalo lina chumvi na linaweza kuiliza bure. Chupi ya pamba husaidia.

Ila mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita kisha akaanza ghafla, au ana kiu isiyoisha, au anaumia akikojoa, mpelekeni hospitali kwanza, pale Mnazi Mmoja au kituo cha karibu. Inaweza kuwa kisukari au maambukizi. Choo kigumu nacho kitibiwe, maana hukibana kibofu.

Mpwa wangu yuko wiki ya tano. Wiki iliyopita kapata siku nne kavu. Juzi karowa, lakini safari hii kaamka kabla ya mama yake.