Aristotle Angeanzia Mferejini

Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha juu anaweza kukuibia maji usiku bila wewe kujua. Kipande cha mgomba na matope mikono miwili vinatosha kugeuza mfongo, yaani mfereji wa maji, uingie kwake saa za zamu yako. Asubuhi anazibua, nawe unadhani mto umepungua.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikuwa na maelezo kwa nini wengi hawafanyi hivyo. Hakuna anayezaliwa mwadilifu, alisema, wala mahubiri hayatoshi. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara nyingi hadi ikawa tabia, kama mwashi anavyokuwa mwashi kwa kujenga. Na furaha kwake si raha ya sikukuu. Ni maisha mazima ya kutenda wema.

Mlima Kilimanjaro una shule ya namna hiyo. Wachagga walichimba mifongo kabla ya Wajerumani kufika. Siku ya kazi ikiitishwa, watumiaji hutoka na majembe na mapanga, wanazoa tope, wanafyeka kingo, wanaziba panapovuja. Mtega kazi hutozwa faini, na akizidi hunyimwa maji. Mmisionari Bruno Gutmann alikusanya mafundisho ya jando ya Wachagga katika vitabu vitatu, kati ya 1932 na 1938. Ni hazina, lakini anayetaka kujua wema hujengwaje mlimani ningempeleka kwanza mferejini.

Je, wema pekee unatosha kumpa mtu furaha? Wastoa, wanafalsafa waliokuja baada ya Aristotle, walisema ndiyo. Kwa Aristotle jibu ni hapana: riziki, marafiki na watoto navyo vinahitajika. Namuunga mkono, na ushahidi wangu ni kahawa. Mwaka 1933 wakulima wa hapa mlimani walianza kuiuza kupitia KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na baadaye wengi waling'oa mibuni. Mkulima alikuwa yule yule, na uadilifu wake ule ule, ila ada ya mtoto ilimshinda. Kumwambia ana furaha kwa sababu ni mwema ni kumkejeli.

Bei ya dunia hatuiwezi. Siku ya mfongo tunaiweza. Aristotle alisisitiza kuwa tabia hujengwa tangu utotoni. Basi wazee wa mifongo iliyobaki waitishe kazi Jumamosi, watoto wasipokuwa shuleni, nao washike majembe.