Hofu ya Tofauti Katika Riwaya za Angani

Wapo walimu wa fasihi wanaoamini kwamba riwaya za safari za angani ni burudani ya vijana wasiotaka kusoma mambo mazito. Hukumu hiyo ni ya haraka. Utanzu huu, ambao wataalamu huuita bunilizi ya kisayansi, aghalabu huchukua swali linalotukera hapa duniani na kulipeleka mbali, mahali ambapo msomaji hawezi tena kulikwepa. Mfano mmoja ni Across the Universe, riwaya ya Beth Revis wa Marekani iliyochapishwa mwaka 2011. Revis aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya sekondari, na yamkini ndiyo sababu anaifahamu vyema hatari ya mwalimu asiyeulizwa maswali.

Amy, msichana wa miaka 17, amegandishwa pamoja na wazazi wake ndani ya chombo kiitwacho Godspeed, wakielekea sayari nyingine. Safari ni ya miaka 300. Wao wamelazwa kama maiti, huku juu yao vizazi vya watu wengine vikizaliwa, vikilima na kufa ndani ya chombo hicho hicho. Amy anazinduliwa miaka 50 kabla ya wakati wake, na punde inabainika kwamba kuna mtu anayewachomoa waliogandishwa mmoja mmoja ili wafe. Fumbo la muuaji huyo sitalifumbua hapa. Kuhusu mapenzi yanayochipuka baina ya Amy na kijana wa humo chomboni, nitasema tu kwamba si sehemu iliyonivutia.

Kilichonishika ni darasa. Kiongozi wa chombo, mzee aitwaye Eldest, ana mwanafunzi mmoja tu, Elder, kijana wa miaka 16 atakayerithi uongozi. Anamfundisha kwamba vyanzo vya mfarakano ni vitatu: tofauti baina ya watu, ukosefu wa kiongozi mmoja mwenye nguvu, na fikra za mtu binafsi. Hata historia ya dunia imepindwa ili iafikiane na fundisho hilo, hivi kwamba Hitler anatajwa kuwa kiongozi wa kuigwa. Elder si mjinga hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba hana kitabu cha pili cha kulinganisha na cha kwanza, wala mwalimu wa pili. Kuna mahali kijana huyu anaziona nyota kwa mara ya kwanza, moyo unamwenda mbio, kisha anagundua kwamba ni taa ndogo zilizopachikwa kwenye bamba la chuma. Ni nadra kuona elimu ya uongo ikielezwa kwa ufupi na kwa ukali kiasi hicho.

Wakulima wa Godspeed hutiliwa dawa katika maji ya kunywa, nao huwa watulivu, watiifu, wasio na huzuni wala hamu. Wachache wenye vipawa, wachoraji miongoni mwao, hukaa hospitalini wakiambiwa kwamba ni wendawazimu. Kila siku humeza vidonge wakidhani vinatuliza wazimu wao. Kumbe vidonge hivyo ndivyo vinavyowakinga na dawa iliyo majini. Mwenye akili timamu ndiye aliyeandikwa mgonjwa.

Aidha, watu wote wa chombo wamefanywa wa nasaba moja, wenye ngozi, nywele na macho ya namna moja. Amy, mwenye nywele nyekundu na ngozi nyeupe, anatazamwa kama kioja. Lugha nayo ni moja. Hapa mwanaisimu hana budi kutabasamu, kwa maana hata humo lugha imekataa kutulia: watu wa Godspeed wamejizulia neno lao la kulaania, frex, ambalo Amy hakuliacha duniani alipoondoka. Watenge watu kwa vizazi kadhaa, uwape dawa ukitaka, nao watazua lahaja.

Walimu wenzangu, fundisho la kwanza la Eldest si geni kwetu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, jinsi mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama shuleni alivyoadhibiwa na kufedheheshwa. Ukoloni uliondoka, adhabu ikabaki katika shule nyingi, na hoja inayotolewa kuitetea ni kwamba lugha za mama huzaa ukabila. Hoja hiyo haina mashiko. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yalitokea miongoni mwa watu wanaosema Kinyarwanda wote. Somalia, ambako wengi wa wananchi husema Kisomali, dola yake iliporomoka mwaka 1991. Wanaogombana wanagombania ardhi, kazi na vyeo, na msamiati wa Kigiriama au wa Kikamba hauna hatia. Nami nayasema haya nikiwa mtetezi wa Kiswahili, lugha iliyoenea kwa kuwakutanisha watu waliokuwa na lugha zao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakiita Kiswahili lugha ya taifa, na papo hapo kinaitaka serikali ikuze na kulinda wingi wa lugha za Wakenya.

Riwaya ya kusomwa sambamba na hii tunayo nyumbani. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Haikuandikwa kwa ajili ya vijana pekee, na mijadala yake ya kisiasa hurefuka mno mahali pengine. Lakini tazama safari yenyewe: Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anatua katika jamii ya watu walio sawa. Jina la mahali hapo ni sentensi nzima, wale ni sisi, silabi -si ikisimama badala ya sisi kama ifanyavyo katika nasi. Ili sentensi hiyo iwe na maana, sharti wale wawepo kwanza. Katika Godspeed hapakuwa na wale hadi Amy alipofumbua macho.

Mwalimu atakayezisomesha riwaya hizi mbili pamoja na aanze na jina hilo, kabla ya kugusa dhamira na wahusika. Awaulize wanafunzi wake: Eldest angelitamkaje?