Mume Mwuaji Anayependwa na Wasomaji

Mnamo mwaka 1937, katika mji wa Alexandria nchini Misri, mke wa ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza alianza kuandika riwaya. Mumewe, Luteni Kanali Frederick Browning, alikuwa akiongoza batalioni ya pili ya Grenadier Guards iliyopelekwa huko. Bibi huyo, Daphne du Maurier, alikuwa na umri wa miaka 30. Joto la Misri lilimchosha, na tafrija ambazo mke wa mkuu wa kikosi hana budi kuzihudhuria zilimchosha zaidi. Usiku na mchana alikuwa akiukumbuka ufuko wa Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Wake wa askari waliokwisha kufuata waume zao kwenye kambi za mbali watayafahamu hayo bila ya kuelezwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya kumwoa, Browning alikuwa na mchumba mwingine, mwanamke mzuri wa sura, na wivu juu ya mwanamke yule wa zamani haukumtoka mkewe moyoni. Kutokana na wivu huo ndipo ilipozaliwa Rebecca. Mwanzo wa kwanza, maneno yapatayo 15,000, mtunzi aliuchana na kuutupa. Alianza upya, akamalizia kazi yake Uingereza, na kitabu kikatoka mwaka 1938. Tangu hapo hakijakoma kuchapishwa.

Hadithi yenyewe ni ya msichana maskini, wa miaka 21, anayelipwa ili afuatane na bibi mmoja tajiri, mpenda umbeya, mjini Monte Carlo. Huko akutana na Maxim de Winter, mgane mwenye umri maradufu ya wake, bwana wa jumba kubwa liitwalo Manderley. Bwana huyu ni mkali, mkimya, na mwepesi wa kughadhibika. Amwoa msichana kwa haraka, tena posa yenyewe yatolewa kana kwamba ni amri ya kazi. Wanapofika Manderley, bibi arusi akuta nyumba nzima ingali chini ya himaya ya marehemu. Mwandiko wa Rebecca u juu ya meza, vyombo vyapangwa kama alivyopenda, na mtumishi mkuu, Bibi Danvers, akitunza chumba chake cha kulala kana kwamba mwenyewe angerudi jioni. Bibi Danvers huyo aweza kumtisha msomaji kuliko mwuaji yeyote, ingawa kwa sehemu kubwa hafanyi zaidi ya kusimama na kutazama.

Yule asiyekisoma kitabu na akusudiaye kukisoma, na aruke aya zifuatazo.

Siku moja meli yapanda mwamba karibu na Manderley. Mpiga mbizi ateremka kuitazama, naye akuta chini ya maji mashua ya Rebecca, na ndani yake maiti. Ndipo Maxim amwambia mke wake ukweli: Rebecca hakufa maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyempiga risasi, akamweka ndani ya mashua na kuizamisha.

Hapa ndipo penye ustadi wa kitabu, na penye hatari yake. Msichana yule, baada ya kusikia kwamba mumewe ni mwuaji, moyo wake washika neno moja tu: kwamba Maxim hakumpenda Rebecca kamwe. Afarijika. Na msomaji, aliyefuatana naye kurasa nyingi katika wivu na unyonge wake, afarijika pamoja naye. Tangu hapo mtu mwema, mcha Mungu, ajikuta akiomba ushahidi upotee na mashahidi wababaike. Hata askari polisi aliyezoea kuandika maelezo ya watuhumiwa, akisoma kitabu hiki kitandani, huenda akatamani upelelezi ushindwe. Nao washindwa kweli: daktari wa London aeleza kwamba Rebecca alikuwa na saratani isiyoponyeka, na hivyo neno la kwamba alijiua lapata sababu. Kanali Julyan, hakimu wa mahali pale, aonekana kuwa ameng'amua, lakini anyamaza.

Basi kwa nini watu hupenda kusoma habari za wanaume wa namna hii? Maxim si wa kwanza. Mwaka 1847 dada wawili wa ukoo wa Brontë walitoa riwaya mbili: Jane Eyre, ambamo Bwana Rochester ataka kuoa huku amemficha mke mwehu ghorofani, na Wuthering Heights, ambamo Heathcliff atesa hata wasio na hatia. Wote wawili wamependwa kwa vizazi. Husemwa kwamba wasichana wakisoma vitabu hivi watapenda wanaume wabaya. Neno hilo ni jepesi mno. Ukurasani hofu ina mipaka: msomaji akichoka hufunga kitabu, akaenda kutazama chungu jikoni. Mwanamke aliye na Maxim wa kweli nyumbani hana ukurasa wa kufunga, wala hapati ladha yoyote katika ukali wa mume wake. Wenye kufurahia hatari iliyoandikwa aghalabu ni wale wanaolala kwa amani.

Ila lipo jambo moja linalompasa msomaji mzima kulitazama. Ubaya wote wa Rebecca, yaani uongo wake, wanaume wake na dhihaka zake, kwa sehemu kubwa twausikia kinywani mwa Maxim, na Maxim ndiye aliyemwua. Marehemu hakuachiwa nafasi ya kujibu. Katika kituo chochote cha polisi maelezo ya namna hiyo yangepokewa kwa tahadhari, lakini msomaji huyapokea mara moja, kwa kuwa ayasikia kupitia masikio ya mwanamke anayependa. Du Maurier mwenyewe hakuridhika kuona kitabu chake kikiitwa hadithi ya mapenzi. Kwake kilikuwa uchambuzi wa wivu.

Waliotengeneza filamu yake huko Marekani mwaka 1940, chini ya uongozi wa Alfred Hitchcock, walibanwa na kanuni za sinema za wakati ule, ambazo hazikuruhusu mwuaji aende zake salama. Kwa hiyo katika filamu Rebecca aanguka mwenyewe na kujigonga kichwa. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora, lakini Maxim wake ni mtu aliyeoshwa.

Askari watapenda kujua pia kwamba mwaka 1942 wapelelezi wawili wa Ujerumani waliovushwa jangwani hadi Misri walikuwa na kitabu hiki, ili wakitumie kutungia maandishi ya siri. Walikamatwa Cairo mwaka huo huo.

Maxim hapelekwi gerezani, lakini Manderley yateketea kwa moto. Yeye na mkewe waishia katika hoteli za nchi za kigeni, wakisoma magazeti ya nyumbani yaliyochelewa na kuepuka kuyataja yaliyopita. Mwanamke apata alichokitaka, mume asiye na mwingine moyoni. Jina lake mwenyewe, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, halitajwi hata mara moja.