Wauguzi wa Jamaa za Mgonjwa

Mtu akivunjika mguu, anayeuguzwa ni yeye mwenye mguu. Lakini yako maradhi ambayo humpata mmoja na kuwachosha wote nyumbani, nayo ni demenshia, maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu na fikira, na mwisho hata uwezo wa kula na kuvaa. Si uzee mtupu, wala si uchawi, ingawa hayo mawili husemwa sana kwetu. Aina iliyo nyingi kupita zote huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Nyingine hutokea damu isipofika vema katika ubongo. Dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Huko Uingereza aliishi Bwana Joseph Levy, mpenda mashua za tanga, hata jamaa zake wakamwita "Admeri Joe", yaani jemadari wa bahari. Akapatwa na demenshia hiyo ya damu. Jamaa zake walipouona uzito wa mzigo, walianzisha chama cha kuwasaidia wengine. Leo chaitwa Dementia UK, na wauguzi wake huitwa Admiral Nurses kwa kumkumbuka mzee huyo.

Kazi yao yashangaza kidogo. Mwuguzi humwamkia mgonjwa, kisha humgeukia mke au binti anayemtunza na kumwuliza: Wewe walala? Wala chakula? Nani hukupokea zamu? Maana mtunzaji akianguka, wameanguka wawili.

Kisha hufundisha. Tuseme mzee anamwulizia mkewe aliyekufa zamani. Wengi wetu tungemjibu, "Alikufa, Baba, umesahau?" Naye huisikia tanzia ile kama mpya, akalia, na baada ya saa moja akauliza tena. Mwuguzi atashauri mzee aulizwe habari za mkewe: alipika nini, walikutana wapi. Mara nyingi hutulia. Kwa maoni yangu huo si uongo, ni adabu. Tena wengi huhangaika zaidi jua likichwea, basi taa na iwashwe mapema. Na mzee akivurugika ghafula kwa siku moja au mbili, isidhaniwe kuwa ni maradhi yale yale yamezidi. Huenda amepungukiwa na maji mwilini au ana ugonjwa wa njia ya mkojo, mambo yenye dawa. Apelekwe kwa daktari upesi.

Jambo gumu kuliko yote ni majonzi. Jamaa humwomboleza mtu aliye hai, aketiye mbele yao bila kuwatambua. Wengine hukasirika naye, kisha wakaona haya kumwambia mtu yeyote. Mwuguzi huyasikiliza hayo bila kulaumu.

Wauguzi hawa hawatoshi hata huko kwao, kwa hiyo wako wanaojibu maswali ya watu kwa simu bila malipo. Kwetu, mwanafunzi aliye likizoni aweza kuishika zamu ya jioni kwa babu, ili mama apate kulala.