Chai ya viungo Hillbrow: tatizo si majani, ni birika



Ikifika Juni na baridi ya Johannesburg ikianza kung'ata, malalamiko ya Waswahili wa Hillbrow, Berea na Yeoville huwa ni yale yale: eti chai ya Sauzi haina ladha. Huyu analaumu majani, yule maziwa, mwingine anadai maji ya bomba yana dawa. Mimi naona wote watatu wanaonewa. Majani ya madukani hapa yana chai ya Malawi na Kenya ndani yake, maziwa ni mazito ya kutosha, na maji yananyweka bila shida. Kinachokosekana ni sufuria.

Maana hii ni nchi ya birika la umeme. Hata chumba ambacho watu sita wamekigawana kwa mapazia hakikosi birika. Unabonyeza, linachemka, linajizima, unamimina juu ya kifuko cha majani kikombeni, unatia tone la maziwa ya baridi. Hiyo ni chai ya Mwingereza, ina heshima yake, sigombani nayo. Lakini chai yetu haimiminwi, inapikwa. Kuipika pamoja na maziwa, sukari na viungo ni jambo lililotufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na jina lenyewe linaonyesha njia hiyo. Wadachi walichukua neno "te" kwa wafanyabiashara wa Fujian, ndo maana Kiafrikana kinasema "tee" na Kizulu "itiye". Letu limetoka kwenye "cha" ya Wachina wengine, likapitia Uajemi na India, likafika pwani likiwa "chai". Kwa hiyo kwenye kona moja ya Hillbrow yanakutana tena maneno mawili yaliyoachana China karne nyingi zilizopita.

Migahawa ya Rosebank na Sandton nayo imelichukua neno letu ikalibana. Kwao "chai" ni unga mtamu wa viungo unaokorogwa na maziwa ya povu, na wengine huiita "chai tea", yaani chai chai! Kwetu chai inaweza isiwe na kiungo hata kimoja: Mtanzania ana chai ya rangi, Mkenya ana strungi, Mombasa wana mkandaa, jina linalokumbusha wekundu wa gome la mti wa mikoko. Na asubuhi ukimwuliza mtu "umekunywa chai?" unataka kujua kama amekula. (Maana ile nyingine, ya kumpa mkubwa ili faili litembee, mnaijua, tuiache.)

Sasa twende jikoni. Jambo la kwanza ambalo mtu wa Dar au Unguja halijui akifika huku ni mwinuko. Hillbrow iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100 kama Forodhani. Ukiyaacha yachemke saa nzima hayazidi hapo, yanapungua tu. Viungo vigumu kama mdalasini na karafuu vinatoa ladha polepole zaidi, kwa hiyo dakika tano za pwani hapa zifanye kumi. Mtu wa Nairobi hashangai, maana kwao ni karibu vilevile. Mtu wa Tanga ndo anayelalamika kwamba viungo vya huku vimelala.

La pili ni tangawizi, na hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu maziwa mengi yamemwagwa bila hatia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na hufanya kazi kwa nguvu zaidi maziwa yakiwa ya moto lakini bado hayajachemka, kama kwenye nyuzi 60 hivi. Wachina wa Guangdong hukitumia makusudi kugandishia maziwa yawe kitindamlo. Wewe ukiweka maji, maziwa na tangawizi mbichi kwa pamoja halafu ukapasha taratibu, unafanya kazi ile ile bila kujua, maziwa yanakatika, unamlaumu mwenye duka. Dawa yake ni rahisi: TANGAWIZI ICHEMKE KWENYE MAJI KWANZA, dakika kadhaa. Joto hukiua kimeng'enya na ladha inabaki. Ndiyo sababu bibi zetu walikuwa wakitanguliza tangawizi; hawakuhitaji maabara.

Tangawizi yenyewe haitafutwi kwa tochi. Mbichi inauzwa na akina mama wa barabarani pamoja na vitunguu na nyanya, na ya unga ipo karibu kila duka, kwa kuwa wenyeji wanatengenezea gemere, kinywaji chao cha tangawizi cha harusini na msibani. Jihadharini tu: ya unga si sawa na mbichi iliyosagwa. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya ukali wake hugeuka kuwa ukali mwingine ulio mkubwa zaidi, na ile harufu yake ya ubichi hupotea. Nusu kijiko cha chai inatosha sufuria nzima, la sivyo utakohoa.

Kwa viungo vingine safari ni Fordsburg. Mnaweza kununua vichupa vya supermaketi, lakini iliki ya unga ni hasara: mafuta yake ya harufu huruka upesi mara punje zikishapasuliwa. Nunueni nzima, ya kijani. Maduka ya Wahindi ya Fordsburg na yale ya Oriental Plaza yanazo, na zinapimwa mbele yako. Plaza ile ina historia yake chungu: ilijengwa miaka ya 1970 ili kuwaweka wafanyabiashara wa Kihindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka Pageview chini ya sheria ya ubaguzi ya kugawa maeneo. Ukinunua iliki pale unanunua kwa watu ambao nao waliondolewa kwao. Mayfair jirani, Wasomali nao wanaiwekea shaah yao iliki na mdalasini. Huko hutahitaji hata kueleza unataka nini.

Kwenye mdalasini tazama gome. Ulio mwembamba, tabaka nyingi zilizoviringishwa kama sigara, unaovunjika kwa vidole, ndio wa asili ya Sri Lanka. Ule mnene, mgumu, uliojikunja pande mbili ni kasia. Kasia si sumu na ladha yake ni kali, lakini ina kumarini nyingi zaidi, na anayekunywa vikombe vitano kila siku ya Mungu, au mwenye ini lenye matatizo, afadhali atumie ule mwembamba. Karafuu usizidishe. Mafuta yake ndiyo yanayotia ganzi, ndo maana ikizidi chai inanuka kama kwa daktari wa meno. Wapemba wanisamehe.

Haya, kwa vikombe vinne: maji vikombe viwili na nusu, tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, iliki sita zilizopasuliwa na maganda yake, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole cha shahada, karafuu mbili, pilipili manga tano kama kifua kimebana. Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, sufuria imefunikwa. Tia majani vijiko viwili vya chai. Kama una vifuko tu, vinne. Yale majani laini ya ndani yake si takataka kama wengine wanavyosema, yanatoa rangi haraka na yanafaa sana kwa chai ya kupika. Dakika mbili, tatu, basi. Ukizidisha tanini inakaba koo. Ndipo maziwa vikombe viwili, yapande mara moja, uyashushe, yapande tena. Ya pakiti yasiyohitaji friji yanafaa, na kwa chumba kisicho na friji ndiyo salama. Sukari kila mtu na dini yake. Chuja.

Wenye presha, wajawazito na wasiolala usiku, jaribuni rooibos, kichaka cha milima ya Cederberg huko Western Cape. Haina kafeini, tanini yake ni kidogo, kwa hiyo unaweza kuichemsha pamoja na viungo tangu mwanzo na haiwi chungu. Kwa mdalasini na iliki inakwenda vizuri ajabu. Sisemi ni chai, nasema inanyweka.

Limebaki la moto, na hili ndilo lililonifanya niandike. Miaka ya mgao wa umeme, hasa 2022 na 2023, wengi walizoea majiko ya mafuta ya taa na ya mkaa, na kuna majengo ya mjini ambako umeme hukatika kwa sababu nyinginezo hadi leo. Usiku wa baridi mtu anapika chai juu ya mbaula, kisha anaiingiza chumbani ili ipashe joto, anafunga dirisha, analala. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mtamu, huamki. Jiko la mafuta nalo likipigwa teke kwenye chumba cha pazia na maboksi, hamna pa kukimbilia. Mnakumbuka Usindiso, Marshalltown, alfajiri ya 31 Agosti 2023: watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo wahamiaji wa Malawi na Tanzania. Chanzo cha moto ule ni habari nyingine; vizuizi vya mbao na milango iliyofungwa ndivyo vinavyofanana na tunakoishi.

Kwa hiyo nunueni chupa ya chai nzuri, ya lita moja au mbili, kabla ya kununua jiko la pili. Umeme ukiwepo jioni, pika sufuria moja ya chumba kizima. Suuza chupa kwa maji yanayochemka kwanza, ukiitia chai ikiwa baridi inaiba joto lote. Chuja kwa kitambaa, kwa kuwa majani yakibaki ndani yanaendelea kukaza. Mkitaka ifike asubuhi, wekeni mkandaa wenye viungo bila maziwa, maana ya maziwa ikishapoa nusu inachacha. Mkaa ubaki nje.

Mwenye njia ya Lamu au ya Bukavu iliyo tofauti na hii aiweke hapa, na vipimo vyake.