Hata Kwaya Husomewa, Mzazi Mwenzangu

Tuseme binti yako alihitimu shahada ya ualimu, muziki likiwa mojawapo ya masomo yake, akapelekwa kufundisha Nanighi, kule ukingoni mwa Mto Tana. Mwaka wa kwanza alilalamikia joto na mbu. Sasa amepiga simu na habari nyingine: anataka kwenda kusomea shahada ya pili. Unashangilia. Kisha unamwuliza, shahada ya nini? Anakujibu: ya kuongoza kwaya.

Je, utamwambia nini?

Wazazi wengi wangekata simu. Tangu lini kupunga mikono kukahitaji shahada? Usikate. Hebu tuelewane kwanza.

Mikono ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni sikio. Watoto arobaini wakiimba kwa sauti nne, kiongozi aliyefunzwa husikia kwamba sauti ya tatu imeshuka kidogo, hujua sababu yake, na hujua la kuwaambia ili wajirekebishe. Asiyefunzwa husema tu, "Rudieni!" Wakirudia, wanarudi na kosa lao.

Nchini Marekani, ambako masomo haya yana mizizi, shahada ya pili huchukua kwa kawaida miaka miwili. Mwanafunzi hujifunza jinsi koo la binadamu linavyofanya kazi, historia ya muziki, matamshi ya Kilatini na Kijerumani, na namna ya kuchambua wimbo kwenye karatasi kabla hajasimama mbele ya mtu. Mwishowe hupewa waimbaji, akawafundisha na kuwaongoza mbele ya watu, walimu wake wakimkagua.

Utauliza, mambo haya na Nanighi wapi na wapi? Jibu umeliimba mwenyewe tangu shule ya msingi. Mwaka 1963, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi walipewa kazi ya kuandaa Wimbo wa Taifa. Sauti waliyoichagua ilitoka huko huko Mto Tana: wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, waliopewa na Mzee Meza Galana. Wimbo aliouimba mama peke yake kwa mtoto wake ukapangwa upya, hata taifa zima likaweza kuuimba kwa pamoja. Mto ulitoa wimbo, na wasomi wa muziki wakatoa ujuzi wa kuupanga. Kimoja bila kingine, leo tungekuwa tunaimba kitu kingine.

Basi binti yako hajapotea njia. Lakini njia yenyewe ina visiki vitatu, na afadhali avijue kabla hajaacha kazi.

Kisiki cha kwanza ni nota. Kwaya zetu nyingi hufunzwa kwa solfa, zile herufi za do, re, mi tulizorithi kutoka kwa wamishonari. Solfa si mbaya, hufunza haraka. Lakini chuoni mwombaji hupewa karatasi yenye nota za mistari mitano, asome sauti zote nne kwa pamoja na kuzipiga kwenye piano. Hapo ndipo viongozi hodari hukwama, hata kama wana kabati lililojaa vikombe vya Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927.

Kisiki cha pili ni video. Vyuo vingi hutaka kwanza kumwona mwombaji akiongoza. Video zetu za mashindano huonyesha mgongo wa mwalimu! Wao wanataka uso na mikono, kwa hivyo kamera isimame nyuma ya waimbaji. Tena hawataki onyesho tu. Wanataka kuona mazoezi yenyewe: kosa linatokea, mwalimu anafanya nini? Akifaulu hapo ndipo huitwa kujaribiwa mbele ya kwaya ya chuo. Maombi mengi hufungwa karibu na mwanzo wa Desemba, kwa hivyo matayarisho yaanze mapema.

Kisiki cha tatu ni pesa. Mzazi mwenzangu, usiuze shamba. Vyuo vingi huwapa baadhi ya wanafunzi wa shahada hii kazi ya kusaidia kufundisha kwaya, na badala yake huwalipia karo, yote au sehemu, na kuwapa posho. Barua ya kukubaliwa isiyotaja msaada huo ni ankara tu. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho hufundisha muziki, shahada ya pili ikiwemo, karibu na nyumbani.

Na baadaye? Tusidanganyane. Kwaya nyingi nchini haziwezi kumlipa kiongozi mshahara wa kumtosha. Arthur Kemoli, ambaye nyimbo zake zimeimbwa na kwaya nyingi, alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Anayechukua shahada hii aichukue akitaka kufundisha vyuoni au kuwanoa walimu wengine, na kabla ya kuondoka amwombe mwajiri wake likizo ya masomo kwa maandishi.

Kwa hivyo mpigie simu tena, umwulize maswali matatu. Anasoma nota za mistari mitano? Ana video ya mazoezi isiyomwonea haya? Nani atalipa, na barua iko wapi?

Akijibu yote sawasawa, mpe baraka zako. Asipoweza, usimvunje moyo. Mnunulie kinanda kidogo cha betri na kitabu cha nota, umpe mwaka mmoja. Watoto wa kuimba anao darasani, na nyimbo za Mto Tana ziko mlangoni pake. Mchumia juani hulia kivulini, na jua la kule analijua.